Kihisi cha mahali kwa roboti ya FTC: acheni milimita, ulizeni digrii

Malalamiko ni yaleyale. Timu ya FTC (mashindano ya roboti ya wanafunzi) imenunua kihisi kipya cha kuijulisha roboti ilipo uwanjani, roboti inafikisha mzigo wa kwanza sawasawa, wa pili inaukosa kidogo, wa tatu inagonga ukuta. Lawama anabebeshwa aliyeandika programu. Mara nyingi umbali uko sahihi, mwelekeo ndio umehama.

Piga hesabu: kosa la digrii 1 baada ya mita 3 ni sentimita 5 pembeni, digrii 3 ni karibu 16. Uwanja una futi 12 kila upande, kwa hiyo kosa hilo linatosha kukunyima pointi. Wauzaji hutangaza milimita tu.

1. goBILDA Pinpoint. Tunaipendelea, wala hatufichi. Husoma magurudumu mawili yasiyo na mota, huchanganya na jairo (kihisi cha kugeuka) yake yenyewe, kisha hukupa X, Y na mwelekeo kwa waya mmoja wa I2C (njia ya mawasiliano ya vihisi). Udhaifu wake ndio unaosahaulika: magurudumu mawili hayapimi kugeuka kwa roboti, kwa hiyo mwelekeo wote unategemea jairo. Jairo hujisawazisha kwa robo sekunde, na katika robo sekunde hiyo roboti lazima itulie kabisa. Mtu akiwa anakaza skrubu au bado ameibeba, sifuri inakuwa ya uongo na mwelekeo utahama hadi kipenga cha mwisho. Amri ya kuisawazisha upya itolewe roboti ikiwa imeshawekwa uwanjani na mikono yote imeondoka.

Angalia pia aina ya gurudumu ulilonunua. La aina ya 4-bar (kipenyo milimita 32) hutoa hesabu 19.894 kwa kila milimita ya mwendo. La aina ya swingarm (milimita 48) ni 13.263. Ukiweka namba ya 4-bar kwenye swingarm, roboti uliyoiagiza mita 1 itakwenda mita 1.5. Isukume kwa mkono: mbele, X iongezeke, kushoto, Y iongezeke.

2. SparkFun OTOS. Hii haina gurudumu; hutazama vigae vya povu kwa macho yake. Ifungwe milimita 10 hadi 27 kutoka sakafuni, na ubandue utepe wa kinga kwenye lenzi. Kasi ya mwisho inayoweza kuipima ni mita 2.5 kwa sekunde. Mota ya 435 rpm (mizunguko kwa dakika) yenye gurudumu la milimita 104 hufika 2.37 bila mzigo, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni nyembamba.

Mwelekeo wake lazima uupime mwenyewe. Egemeza roboti ukutani, izungushe mara 10, irudishe palepale. Ikisoma digrii 3618 badala ya 3600, kizidishi cha pembe utakachoweka kwenye programu ni 3600 gawa kwa 3618, yaani 0.995. Inakubali kati ya 0.872 na 1.127 tu, ukivuka hapo, tafuta kosa la ufungaji kwanza.

3. Magurudumu matatu moja kwa moja kwenye Control Hub (kompyuta ya roboti). Mwelekeo hutoka kwa magurudumu, jairo haihusiki. Lakini yanakula milango mitatu kati ya minne ya enkoda (kihesabu mzunguko wa gurudumu). Enkoda ya REV Through Bore ina hesabu 8192 kwa mzunguko. Milango 0 na 3 huzimudu, 1 na 2 hupoteza hesabu kasi ikipanda. Magurudumu mawili sambamba yaende 0 na 3.

Vihisi vya droni vya bei poa, kama PMW3901: viacheni. Vinataka sentimita 8 kutoka sakafuni, tena vinazungumza SPI, njia nyingine ya mawasiliano, na hub haina mlango huo.

Sasa bei. Ukiona Pinpoint peke yake, hujaona gharama: bila magurudumu mawili haikupi mahali, na magurudumu yanauzwa kando. OTOS, ya dola 80 hivi, ina soketi ndogo ya Qwiic. Ya hub ni JST PH, kubwa zaidi, kwa hiyo unahitaji waya wa kuunganisha hizo mbili. Wapo wauzaji wanaopiga picha waya huo ukiwa umechomekwa, halafu kwenye boksi haumo. Na mzigo ukishatoka Marekani, waya wa dola chache utaulipia usafiri upya.