TP-Link TL-SG108E: poti mbili kuwa njia moja, kwa masharti

Kwa ofisi ya Mwanza yenye seva moja ya faili na kompyuta tano sita, swichi hii ya mtandao yenye poti nane za gigabiti inatosha kabisa. Kasha ni la chuma, na haina feni ya kuvuta vumbi.

Inakubali makundi mawili ya LAG (poti kadhaa zinazofungwa pamoja kuwa njia moja), kila kundi hadi poti nne. Ila ni LAG ya kupanga kwa mkono tu, LACP, yaani lugha ya vifaa viwili kukubaliana vyenyewe kuhusu njia hiyo, haiijui. Hapo ndipo mafundi wengi wanakwama. Seva ya Linux imewekwa 802.3ad (ndiyo LACP), taa za poti zote mbili zinawaka, halafu kompyuta ya mhasibu inafungua faili na ya jirani yake inagoma. Swichi inagawa data kwenye kebo mbili, seva inapokea kwenye moja. Weka balance-xor, mtindo usiohitaji LACP, upande wa seva, au wa rauta ya MikroTik, tatizo linakwisha.

Anza na kebo moja. Kompyuta ya kupangia ikae poti ya 8, nje ya kundi. Ingia kwa kivinjari (pasipo DHCP, yaani rauta ya kugawa anwani, anwani ya swichi ni 192.168.0.1), badilisha nywila, kisha weka poti 1 na 2 kwenye LAG 1. Panga upande wa pili, ndipo uchomeke kebo ya pili. Ukizichomeka zote mapema kati ya swichi mbili, data inaweza kuzunguka bila kikomo, taa zote zikapepesa kwa pamoja na ofisi nzima ikasimama. Usisahau Save Config, maana umeme ukikatika kabla yake unaanza upya.

Kompyuta moja ikinakili faili bado utaona megabaiti kama 110 kwa sekunde, kwa sababu kila mawasiliano hupita kebo moja. Nafuu ipo watu wanne wakivuta faili kwa wakati mmoja. Intaneti haiongezeki hata kidogo.

Kati ya majengo mawili, tuseme Capri Point, tumia faiba. Radi za Ziwa Victoria hazifai kuletewa waya wa shaba. Lakini faiba ikikatika nyuma ya konvata (kifaa cha kuunganisha faiba na kebo ya shaba), poti inaweza kubaki hai, na swichi hii itaendelea kumwaga data kwenye njia iliyokufa. Hapo ongeza pesa uchukue yenye LACP, kama TL-SG2008. Na muulize muuzaji kama konvata zake zinapitisha fremu (ujumbe) za LACP, zingine huzimeza.