Bitwarden ya bure kwa watumiaji wa Unguja na Pemba: kasha imara, lakini ufunguo uutunze wewe

Kwa mtu mwenye simu moja, laini mbili na akaunti thelathini za mtandaoni, Bitwarden ya bure ndiyo programu ya kutunza nywila tunayoipendekeza kabla ya nyengine yoyote. Haina kikomo cha idadi ya nywila wala cha vifaa, maandishi ya programu yenyewe yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyakagua, na inakwenda vizuri kwenye Android, iPhone na kompyuta. Nywila zako zote hukaa ndani ya kasha moja linalofunguliwa kwa nywila kuu, na inapowatesa watu ni pale mwenye kasha anapobaki nje ya kasha lake. Nywila kuu ukiisahau, kampuni haiijui na haiwezi kukurudishia.

Wengi wanauliza kwa nini wasibaki na kitunza nywila cha Google kilichomo ndani ya Chrome. Si kibaya, na ni bora mara kumi kuliko nywila moja kila mahali. Lakini fikiria simu inapokwenda kwa fundi Darajani. Kioo kimepasuka, fundi anaomba namba ya kufungulia ili ajaribu kugusa, unampa. Kwa kawaida namba ile ile ndiyo inayofungua orodha nzima ya nywila za Chrome. Bitwarden ina kufuli lake mbali na la simu, na ukitaka usalama kamili unatoka kwenye akaunti kabla ya kuikabidhi simu, unaingia tena ukiipokea.

KeePassDX, programu nyengine ya kutunza nywila kwenye Android, tunaiheshimu. Kila kitu kimo ndani ya faili moja kwenye simu yako, hakuna seva ya mtu. Inamfaa mwenye nidhamu ya kunakili faili lile kila wiki. Simu ikitumbukia baharini wakati wa kushuka boti Mkoani, na nakala ya mwisho ni ya Ramadhani iliyopita, yote yaliyoongezwa baadaye yamekwenda nayo.

Kazi kubwa iko kwenye nywila kuu, na hapa usifanye haraka. Bitwarden inataka herufi 12 kwa uchache, lakini "zanzibar2024" nayo ina herufi 12 na haifai kitu. Chukua kamusi, ifungue bila kuangalia, weka kidole, andika neno. Rudia mpaka yafike matano, na usibadilishe neno kwa sababu hulipendi. Ukianza kuchagua, bahati nasibu imekwisha. Usitumie methali wala mstari wa taarabu, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka kufuatana hukisiwa kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za makasha ya wateja wa LastPass, kampuni nyengine ya kutunza nywila, na tangu hapo ukuta uliobaki baina yao na nywila zile ni nywila kuu ya kila mteja. Akaunti mpya ya Bitwarden kwa kawaida huipitisha nywila kuu kwenye hesabu mara 600,000, hivyo kila kisio kinamla mwizi muda. Nywila dhaifu haisaidiki hata kwa hilo.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Ukiingia kwenye kifaa kipya bila kuwasha uthibitisho wa hatua mbili (yaani msimbo wa ziada unaoombwa baada ya nywila), Bitwarden hutuma msimbo kwenye baruapepe yako. Kama nywila ya baruapepe umeihifadhi ndani ya Bitwarden peke yake, na simu ya zamani imeibiwa, huingii huku wala kule. Kwa hiyo washa hatua mbili siku ile ile ya kwanza, kwa programu ya misimbo kama Aegis. Kisha fungua tovuti ya Bitwarden, nenda kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya hatua mbili, utoe msimbo wa kujiokoa wenye herufi 32. Uandike kwa mkono pamoja na nywila kuu na nywila ya baruapepe, karatasi iwekwe inapowekwa hati ya nyumba. Usiipige picha. Picha hupanda Google Photos bila wewe kujua.

Baruapepe yenyewe nayo isitegemee ujumbe wa simu peke yake. Laini usiyoitumia kwa muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwengine, na misimbo yako itamfuata huyo.

Kwenye Android, kusakinisha ni dakika tano: ipakue kutoka Play Store, ingia, halafu kwenye mipangilio ya simu ichague Bitwarden kuwa huduma ya kujaza kiotomatiki. Ikijaza leo na kesho isijaze, mara nyingi ni simu inayobana betri na kuizima programu kinyemela. Iondolee kizuizi cha betri. Kwenye mpangilio wa muda wa kasha chagua "Lock", si "Log out". Kasha lililofungwa tu linafunguka hata bando likiisha, na nywila zote unazisoma. Kuongeza mpya ndiko kunakotaka mtandao. Ukichagua kutoka kabisa, bila mtandao huoni kitu.

Kwa wenye nyumba za wageni Paje, Jambiani au Nungwi kuna faida moja inayotosha kuitumia hata kama nyengine zote zingekosekana. Programu hutambua anwani ya tovuti. Ukibonyeza kiungo cha ujumbe unaojifanya umetoka Booking.com na ukurasa ukafanana nukta kwa nukta na wa kweli, Bitwarden haitapendekeza nywila, kwa kuwa anwani haikulingana. Ikinyamaza hivyo, usiinakili nywila kwa mkono. Funga ukurasa, fungua programu ya Booking.com yenyewe uangalie kama ujumbe ule upo.

Mapokezi yenye wafanyakazi watatu toleo la bure halitawatosha, maana kushirikiana nywila kunaishia kwa watu wawili. Msitumie akaunti moja wote. Mmoja akiacha kazi ameondoka na kasha zima. Huko lipieni.

Kila baada ya miezi mitatu toa nakala ya kasha kwenye flash. Chagua faili la JSON lililofungwa kwa nywila, na hapo uangalie: aina iliyofungwa kwa akaunti hairudi popote ila kwenye akaunti ile ile, kwa hiyo akaunti ikipotea faili halina kazi. Faili la CSV liepuke, halina kufuli, linasomeka na yeyote atakayeichomeka flash kwenye kompyuta yake.

Namba ya siri ya pesa za simu haina nafasi humo. Ibaki kichwani.