TAHADHARI: Kijana anayeuza matundu ya boneti kwa madereva wa safari Arusha

Ndugu zangu madereva, wenye magari ya utalii na mafundi wenzangu, habari za kazi. Kuna kijana anazunguka kwenye gereji za hapa Arusha na kujitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, anauza matundu ya boneti ya kupoza injini, yaani vile vipande vyenye mbavu vinavyofungwa kwenye boneti iliyotobolewa ili hewa moto itoke. Anasema ni alumini safi kutoka Australia, na kwamba ukifunga tu, gari halichemshi tena hata ukipanda na mzigo. Magari aliyoyachana yanaishia kwangu kurekebishwa. Inaniuma kuona boneti ya Land Cruiser iliyokuwa nzima imetobolewa kwa grainda kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Anamlenga mtu aliyetoka kuchemshiwa. Gari limepanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, au limetoka kreta ya Ngorongoro kwa gia ndogo, wageni wamekaa pembeni wanasubiri injini ipoe, na mwenye gari ana safari nyingine kesho yake. Hapo ndipo anapofika na kipimo cha joto chenye umbo la bastola, kile unachokielekeza kwenye kitu kikakusomea joto bila kukigusa.

Mchezo wenyewe uko kwenye kipimo hicho. Kwanza anakanyaga mafuta boneti ikiwa imefungwa, anafungua, anapiga kwenye kitu cheusi karibu na injini, namba inatoka kubwa. Akishafunga matundu yake anabandika foili inayong'aa kuyazunguka kwa ndani, halafu anapiga juu ya foili. Namba inashuka kwa digrii thelathini na zaidi, na mwenye gari anatoa pesa. Kipimo kile husoma mionzi ya joto, na kitu kinachong'aa hutoa mionzi kidogo hata kikiwa cha moto, kwa hiyo namba inadanganya. Ukitaka kumuumbua, bandika utepe mweusi wa umeme juu ya foili, acha injini iendelee kuunguruma kidogo, kisha piga kwenye utepe. Joto "lililoondoka" utaliona limerudi pale pale.

Ujanja wake wa pili ni sumaku. Anaiweka kwenye bidhaa, haishiki, anakwambia umeona, ni alumini. Sumaku haishiki plastiki pia! Kwaruza upande wa nyuma kwa ncha ya ufunguo: alumini itaonyesha mng'ao wa fedha chini ya rangi, plastiki itatoa unga na vinyweleo. Niliyoyafungua mimi ni plastiki ya ABS iliyopigwa rangi. Plastiki hiyo huanza kulegea joto likifika kama nyuzi 100, na juu ya tabo (turbo) au bomba la moshi joto hilo si la kutafuta. Moja lilikuwa limepinda hadi mbavu zake zimegusana, yaani tundu limejifunga lenyewe.

Lakini hata angekuwa anauza alumini ya kweli, anapotoboa ni pabaya, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Yeye hukata nyuma ya boneti karibu na kioo cha mbele, kwa sababu hapo ni bapa na kazi ni nyepesi. Gari likitembea, upepo unagonga kioo na kujazana pale chini yake, presha inapanda. Tundu lililokaa hapo halitoi hewa moto, linaingiza hewa ndani, na hewa ile inazuia iliyopita kwenye rejeta isitoke. Sehemu nzuri ni mbele zaidi, nyuma kidogo ya rejeta, mahali upepo unapopanda juu ya ukingo wa boneti na kuacha presha ndogo. Kibaya zaidi, magari mengi huvuta hewa ya kabini hapo hapo chini ya kioo. Ukienda polepole au ukisimama, hewa ya injini inapanda kupitia tundu na kuvutwa ndani. Kama bomba la moshi linavuja, umewapelekea wageni wako hewa ya sumu isiyo na harufu. Wanaoinua boneti kwa kuweka washa (ringi za chuma) kwenye bawaba wanaingia kwenye tatizo hilo hilo.

Atakuonyesha pia ule mdomo wa boneti ya Hilux au Land Cruiser ya 70 Series yenye injini ya V8, aseme hata Toyota wenyewe wanaweka. Ule mdomo unatazama mbele na kazi yake ni kumwagia upepo intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo kuingia injini) iliyo juu ya injini. Unaingiza hewa. Hauhusiani kabisa na kutoa hewa moto chini ya boneti.

Sisemi matundu ya boneti ni uongo. Yakiwa ya chuma au alumini, yakakaa mahali pake, bila kukata mbavu za ndani zinazoshikilia boneti, kingo zikapigwa praima zisishike kutu, na chini kukawekwa trei ya kukinga maji ya mvua yasimwagikie altaneta na boksi la fyuzi, yanasaidia kweli. Nyaya, betri na mipira vinapumzika, hasa ukienda taratibu porini au ukizima injini ikiwa bado ya moto. Ila gari linalochemsha lina ugonjwa wake, na ugonjwa huo hautibiwi kwa kukata bati.

Kabla hujamruhusu mtu yeyote kushika grainda, osha rejeta kwa maji kutokea upande wa injini, maana vumbi la Serengeti na mbegu za nyasi hujazana katikati ya mapezi usione kitu ukiangalia kwa mbele. Angalia feni yenye klachi ya mafuta: injini ikiwa ya moto, izime, kisha izungushe kwa mkono; ikizunguka kirahisi kama haina kitu, imekufa. Hakikisha kava la feni halijavunjika. Pima thamostati (valvu inayofunguka maji ya injini yakipata moto) kwenye sufuria ya maji ya moto. Na mfuniko wa rejeta, jamani! Ukingo wa Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, maji ya kawaida huko huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Mfuniko uliochoka ukishindwa kushika presha, gari linachemsha huko juu wakati mjini lilikuwa zima. Mshale wa geji nao usiutegemee peke yake, Toyota nyingi mshale umepangwa utulie katikati hata joto likibadilika kwa digrii kadhaa.

Malipo anataka yote kabla, kwa namba ya simu ambayo jina linalotokea si lake, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hana. Ukimpigia baada ya siku chache anakwambia tatizo ni rejeta yako, kisha simu haipokelewi.

Waliokwisha kulipa, tunzeni ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, tumeni namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, mkafungue jalada polisi, na bidhaa yenyewe mpeleke Tume ya Ushindani, FCC, kama bidhaa feki. Boneti zilizochanwa karibu na kioo zizibwe kwa bati kabla masika hayajaanza, na kuanzia leo hadi hapo, mkipaki mtandike turubai juu ya boneti.