Jumamosi nne za kusoma vita vya zamani, Lubumbashi

Nililipa dola 20 kwa mafunzo ya Jumamosi nne kuhusu uongozi wa kijeshi, yanayotolewa na afisa mstaafu katika ukumbi mdogo mjini kwetu, na kwa sehemu kubwa sijutii.

Kipindi kilichonigusa zaidi kilihusu kutekwa kwa Tabora, mji wa Tanzania ya leo uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, mwezi wa Septemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwalimu alitandika ramani mezani, akatuonyesha jinsi Jenerali Charles Tombeur wa jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ambaye kabla ya hapo alikuwa na madaraka huku Katanga, alivyozipeleka brigedi mbili, ya Molitor kutoka kaskazini na ya Olsen kutoka magharibi, zikutane mbele ya mji huo. Kisha akatuuliza: ikiwa mji ulitekwa lakini Wajerumani wa kamanda Wahle waliponyoka usiku na kuendelea kupigana, je, ushindi ulikamilika? Tulibishana karibu saa nzima, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kamanda hupimwa pia kwa jinsi anavyolichagua lengo lake.

Alisisitiza vilevile habari za wapagazi, waliobeba vyakula na risasi na kufa kwa maelfu, akisema kuwa afisa asiyejua askari wake watakula nini kesho hajaanza kuongoza. (Baba mmoja nyuma yangu, askari wa zamani, aliguna kwa kukubali.)

Kuhusu Jenerali Gazzera wa Italia kujisalimisha kwa jeshi hilohilo la Kongo nchini Ethiopia mwaka 1941, kipindi kilipita haraka mno. Fotokopi za ramani nazo hazikusomeka.