Ryzen 7 5700X kwenye mashine ya 2018: iliganda siku kumi na moja kabla sijajua tatizo liko wapi

Nahariri video za harusi hapa Tabata, Dar es Salaam, na kompyuta ndiyo jembe langu. Fundi aliniungia mashine hii mwaka 2018: prosesa ya Ryzen 5 1600, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya B450, ramu GB 16 za vijiti viwili, kadi ya picha ya kawaida tu, na pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 450 niliyoichomoa kwenye kompyuta iliyotangulia. Wakati ule sikuona haja ya kununua nyingine, maana ilikuwa nzima.

Miaka ikaenda vizuri, kisha wateja wakaanza kutaka 4K, zile video za picha kali zaidi. Video ya dakika 42 ikawa inanichukua saa moja na dakika ishirini kuirenda, yaani kuitoa iwe faili kamili, na Jumatatu baada ya harusi tatu za wikiendi nilikuwa nalala kitini. Nikaamua kubadilisha prosesa peke yake. Hapo AMD, watengenezaji wa Ryzen, nawapongeza: soketi ya AM4 waliishikilia muda mrefu, kiasi kwamba Ryzen za kwanza za 2017 na hii 5700X iliyotoka Aprili 2022 zinakaa kwenye tundu lilelile la pini 1,331. Huhitaji mazabodi mpya wala ramu mpya. Nilitoa malipo ya harusi mbili nikaichukua.

Nieleze kwanza nilivyoifunga, kwa sababu siri ya ugonjwa wote ilikuwa humo. Prosesa za familia ya 5000 hazitambuliwi na BIOS za zamani (BIOS ni programu ya mazabodi inayoamsha kompyuta kabla ya Windows), kwa hiyo unasasisha BIOS kwanza wakati prosesa ya zamani bado iko kwenye mazabodi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kufa. Niliazima UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwa mzee mwenye duka la steshenari jirani, akaniambia, "Mwanangu, saa mbili asubuhi iwe imerudi, wateja wa fotokopi hawasubiri." Dakika nne zile sikugusa hata meza.

Baada ya hapo kutoa feni. Pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ukiwa wa miaka mingi huwa imekauka na kushika, na ukivuta feni kwa nguvu, prosesa ya AM4 inang'oka nayo huku soketi bado imefungwa. Pini ziko chini ya prosesa yenyewe, nyembamba kama sindano za kushonea shanga, na zikipinda umeumia. Mimi niliiacha mashine ifanye kazi dakika kumi ili pesti ilainike, nikazima, nikafungua skrubu nne, kisha nikalizungusha lile bati la feni taratibu kulia na kushoto, kama unavyofungua kifuniko cha chupa ya asali. Likaachia lenyewe. 5700X haiji na feni kwenye boksi, kwa hiyo nilirudisha ileile ya 1600. Pesti mpya, kiasi cha punje ya choroko katikati, basi.

Nilipowasha, kabla ya Windows, yakaja maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yakisema prosesa ni mpya na kuuliza kama nataka kufuta fTPM, sehemu inayohifadhi funguo za usalama, bonyeza Y au N. Situmii BitLocker, kufuli la Windows la diski, nikabonyeza Y. Anayeitumia asibonyeze kabla ufunguo wake wa kurejesha haujawa mkononi, la sivyo atafungiwa nje ya diski yake mwenyewe. Windows ikafunguka. Video ileile ya dakika 42 ikatoka kwa dakika 39. Nilifurahi sana usiku ule.

Usiku wa pili nikaacha inarenda, nikaenda kulala. Nikaamshwa na adhana ya alfajiri. Kupita sebuleni naona skrini inawaka, picha ya bibi harusi imetulia pale, na saa ya kompyuta kwenye kona inasoma 2:14. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja alfajiri. Panya haisogei. Nikabonyeza Caps Lock, kile kitaa cha kibodi hakikuwaka. Kitaa kikiitika, mashine bado iko hai na huenda shida ni programu au picha tu. Kisipoitika, imeganda yote. Feni zilikuwa zinazunguka kama kawaida. Nikashikilia kitufe cha kuwashia hadi ikazima.

Ikawa ndiyo maisha yangu siku kumi na moja. Kuna siku iliganda mara moja, kuna siku mara tatu. Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe wa hitilafu. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nikakuta "Kernel-Power 41" nyingi, nikadhani nimeshampata mwizi. Kumbe ile huandikwa baada ya kuwasha tena, kusema tu kwamba mara ya mwisho mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Ilikuwa inarekodi kidole changu kwenye kitufe.

Huku mama wa bwana harusi ananipigia, "Mwanangu, video yetu vipi? Ndugu wa Tanga wanaulizia." Nashindwa hata kumjibu.

Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliniambia kabla hajafungua, "Dada, hilo ni joto. Feni ndogo, prosesa kubwa." Akabadilisha pesti, akanitoza, nikarudi nayo, ikaganda jioni ileile. Nikampigia, akasema basi prosesa yenyewe ni mbovu, nimeuziwa feki. Hilo liliniuma, kwa sababu muuzaji alinipa risiti na siku saba tu za kurudisha, na zilikuwa zinaisha.

Simlaumu fundi kwa kuwaza joto. Mimi pia nililiwaza. Ila nilipokaa chini nikajiuliza inaganda saa ngapi, nikaenda kulitazama lile faili la usiku ilipoganda mara ya kwanza. Lilikuwa limekamilika! Muda wake wa mwisho kuandikwa, kwa saa ya kompyuta, ulikuwa 1:52. Mashine ilimaliza kazi yote ngumu, ikakaa dakika ishirini na mbili bila kazi, ndipo ikaganda. Nikakumbuka na nyingine: nimetoka kununua maandazi, imeganda. Nimepokea simu ndefu, imeganda. Katikati ya kurenda haijawahi hata siku moja. Joto halingoji mashine ipumzike ndipo lije.

Nikaanza kupima sawasawa. Niliendesha Prime95, programu ya kuichosha prosesa, kwa saa tatu mfululizo, nikitazama joto kwa HWiNFO: lilipanda hadi nyuzi 84, likakaa hapo, haikuganda. MemTest86, programu ya kupima ramu, nikaiwasha kutoka kwenye flashi usiku kucha, mizunguko minne, ramu haina kosa hata moja. Halafu nikafanya kile ambacho hakuna aliyenishauri: niliwasha kompyuta, nikafunga kila programu, nikaiacha na saa ya sekunde kwenye skrini, nami nikaketi pembeni nachambua mchele. Dakika 37, sekunde zikasimama. Nikarudia nikitumia Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye flashi, bila Windows kabisa. Nayo ikaganda. Basi Windows nikaiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kilichobaki ni kile kinachotokea prosesa inapokosa kazi. Prosesa za siku hizi zikikosa kazi hulaza viini vyake (sehemu zinazofanya hesabu) usingizi mzito unaoitwa C6, na hapo umeme zinaovuta kwenye njia ya volti 12 unashuka mno. Pawa saplai nyingi za zamani hazikuundwa kwa mzigo mdogo hivyo. Ni kama chemli: ukishusha utambi kupita kiasi, mwanga haupungui tu, taa inazima. Jambo hili si geni. Intel, washindani wa AMD, walipotoa prosesa za Haswell mwaka 2013, pawa saplai ilitakiwa iweze kubaki imara hata mzigo ukishuka hadi ampea 0.05, wakati kabla ya hapo ilikuwa 0.5, na watengenezaji wengi walilazimika kutangaza zipi zinaweza na zipi haziwezi. Kwa mashine za Ryzen, BIOS nyingi zina mahali pa kurekebisha hilo. Kwangu ilikuwa ndani ya Advanced, kisha AMD CBS, mstari unaosema "Power Supply Idle Control". Ulikuwa kwenye Auto. Nikauweka "Typical Current Idle", yaani prosesa ikipumzika isishushe umeme hadi chini kabisa.

Siku sita haikuganda. Sikutaka kujidanganya, nikarudisha Auto makusudi. Ikaganda usiku uleule. Nikaazima pawa saplai ya rafiki yangu mpiga picha, nikaifunga huku BIOS ikiwa bado Auto: siku nne, kimya, saa ya sekunde inakwenda tu. Hapo nikawa na hakika. Prosesa ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, na kosa lilikuwa kwenye pawa saplai niliyoirithi kutoka kwenye mashine ya zamani.

Swali moja likaninyima raha. Kama pawa saplai ndiyo mbovu, mbona na Ryzen 5 1600 sikuwahi kuganda miaka yote ile? Nikamtafuta fundi aliyeniunga mashine 2018, siku hizi yuko Mwanza. Nilipomtajia huo mstari wa BIOS akasema hapohapo, "Dada, si nilikuwekea mimi hiyo? Ilikuwa inaganda tangu nikiijaribu dukani, nikaibadilisha, nikasahau kukwambia." Nikaelewa yote kwa pamoja. Nilipoisasisha BIOS kwa ajili ya 5700X, mipangilio yote ilirudi ya kiwandani, na dawa yake ikafutika. Ugonjwa ulikuwepo miaka yote, umefunikwa. Mimi nikaona umekuja na prosesa mpya kwa sababu vyote viwili niliviingiza usiku mmoja.

Kwa hiyo nikinunua leo, ningefanya kazi hii kwa hatua. Ningesasisha BIOS, kisha ningeitumia mashine siku mbili tatu na prosesa ya zamani kabla ya kugusa feni. Ingeganda na 1600, na nisingepoteza siku kumi na moja nikiishuku prosesa mpya. Na kabla ya kusasisha, pigeni picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Kasi ya ramu pia ilikuwa imeshuka baada ya sasisho, hadi nikairudisha XMP, mpangilio wa kasi ya ramu, kwa mkono.

Kuna jambo jingine watu hulichanganya na hili. Ryzen kadhaa zilikuwa na tatizo la fTPM lililofanya mashine isite sekunde moja au mbili, sauti ikikwaruza, kisha inaendelea. AMD wenyewe walilikiri Machi 2022, na marekebisho yakaanza kuja kwenye BIOS mpya kuanzia Mei mwaka ule. Yako ikisita na kuendelea, tafuta BIOS mpya. Ikiganda moja kwa moja na Caps Lock haiitiki, angalia kwanza ilikuwa inafanya kazi au imepumzika.

Prosesa yenyewe naipa nyota tano. Viini 8 na nyuzi za kazi (threads) 16 kwa wati 65, na kazi yangu imepungua nusu ya muda. Feni ya zamani inaimudu, ila mchana wa Januari inapiga kelele, na nikipata nafasi nitanunua kubwa zaidi. Pawa saplai mpya ya wati 550 nimeshaifunga, na ile ya rafiki nimeirudisha na kilo mbili za mchele niliochambua nikisubiri sekunde zisimame. Ile ya zamani sikuiuza wala sikumpa mtu.

Video ya harusi ndugu wa Tanga waliipata Ijumaa. Na kwenye bati la ubavuni la kompyuta, upande wa ndani, nimeandika kwa kalamu ya maka tarehe niliyosasisha BIOS na kila mstari nilioubadilisha, ili fundi atakayeifungua baada yangu aukute.