Baiskeli Uingereza: ukatwe mshahara au ulipe taslimu?

Mpango wa baiskeli kupitia mwajiri hukata fedha kabla ya kodi. Baiskeli ya pauni 1,000 ukikatwa kwa miezi 12, na unalipa kodi ya asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8, mfukoni zinakutoka pauni 720. Wa kodi ya asilimia 40, ambaye bima yake ni asilimia 2, hutokwa na 580 tu. Mwenye nacho huongezewa, kama kawaida.

Ila mwaka huo unakodi, hujanunua. Ukitaka kuimiliki mara tu mwaka unapoisha, jedwali la mamlaka ya kodi linaitaja thamani yake kuwa asilimia 25: pauni 250 nyingine, na kwa wa kodi ya asilimia 20 nafuu karibu yote imeyeyuka. Ndiyo maana wengi huongeza muda wa kukodi hadi mwaka wa nne, thamani ishuke hadi asilimia 7.

Taslimu haina mizunguko hiyo. Unanunua hata iliyotumika, unapatana bei, unaiuza utakapo. Aliyejiajiri hana njia nyingine, wala mwenye mshahara ambao makato yangeushusha chini ya kima cha chini. Anayefikiria kuacha kazi karibuni, mimi ningemwambia alipe taslimu: deni lililobaki hukatwa kwenye mshahara wa mwisho, bila nafuu ya kodi.