Frank Broyles na Lee Corso: makocha wawili kwenye maikrofoni

Wote wawili walifundisha mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu kabla ya kuingia kwenye televisheni, ila walipitia milango tofauti.

Broyles alikuja na heshima ya ushindi. Aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Arkansas kuanzia 1958 hadi 1976, na mwaka 1964 kikosi chake hakikufungwa hata mechi moja. Mwaka 1977 akaanza uchambuzi kwenye televisheni ya ABC, mara nyingi pembeni ya mtangazaji Keith Jackson. Alieleza kwa utulivu kwa nini mchezo fulani umefaulu, kama kocha anayeongea na wachezaji wake. Anayetaka kuujua mchezo amsikilize huyo.

Corso hakuwa na makombe mengi ya kujivunia. Rekodi yake ya vyuo ni ushindi 73, vipigo 85 na sare 6, ingawa Chuo Kikuu cha Indiana, alikofundisha, hawasahau walivyoifunga BYU (Chuo Kikuu cha Brigham Young) 38-37 mwaka 1979. Lakini tangu 1987, kwenye College GameDay, kipindi cha kabla ya mechi cha televisheni ya michezo ESPN, aliifanya Jumamosi, siku ya mechi za vyuo, kuwa sikukuu. Oktoba 1996, mjini Columbus, alitabiri ushindi wa timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State kwa kuvaa kichwa cha Brutus, kikaragosi cha timu hiyo. Umati ukalipuka kwa shangwe, na desturi yake ya kuvaa kichwa cha timu aliyoitabiria ushindi ikazaliwa. Mwaka 2009 alipata kiharusi, maneno yakawa mazito, naye akarudi kwenye meza ya kipindi msimu uleule. Hapo ndipo nilipompenda zaidi.

Kwa ufundi, nampa Broyles. Kwa mapenzi, Corso, bila kusita. Alistaafu Agosti 2025, akiwa na miaka 90.